Kwa nini wazee wetu hukisifu chumba cha kwanza walichopanga na mama, na si nyumba waliyojenga?

#1 Mtoto wa Manzese

Habari za jioni wakuu.

Kuna jambo limenikaa kichwani tangu nilipoanza maisha na mke wangu. Mzee wangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki. Alimuoa mama kipindi cha vita ya Kagera, akamtoa Kilosa na kumleta moja kwa moja kwenye chumba kimoja Manzese. Nyumba ya Kiswahili kama zile mnazozijua: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, uani jiko na choo cha wote. Baadaye alijenga Kimara, nyumba ya vyumba vinne, na sisi watoto tumekulia humo. Lakini mzee akianza kusimulia maisha yake na mama, Kimara haitaji. Ni Manzese tu. Mpaka leo anajua nani alikaa chumba gani, msumari wa kutundikia chemli ulikuwa ukuta upi, na jinsi kabati la mninga lilivyoingia baada ya mlango kung'olewa bawaba.

Zamani nilikuwa namsikiliza kama mtu anayesikiliza redio huku anakula. Siku nilipokaa na dalali, nikatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na ya dalali juu yake, nikaangalia kilichobaki na godoro bado halijanunuliwa, ndipo nilipomwelewa yule mzee. Hakuwa na ndugu mjini wa kumkopa. Alitafuta chumba, akakipaka chokaa mwenyewe baada ya zamu ya usiku, akanunua vyombo vya kuanzia, ndipo akapanda basi kwenda kumchukua mama. Hajawahi hata siku moja kutuambia kwamba alihangaika. Sisi tulidhani vitu vilikuwepo tu.

Hoja yangu: baba humjui mpaka uanze kwako. Na swali langu: kwa nini moyo wao umebaki kwenye kile chumba wakati jasho lao lote liko kwenye nyumba?

#2 Kurunzi

Nimevuta kiti. Waje wakongwe.

#3 Chumbageni

Ni ujana huo mkuu. Alikuwa na nguvu, ana mke mpya, hana presha wala sukari. Ukimrudishia ule umri hata kibanda cha mabua atakisifu. Mimi wazee wangu walianzia kambi ya mkonge huku Tanga, chumba kimoja kwenye safu ndefu ya vyumba vya manamba wa zamani, bati juu, joto la kuokea mkate. Baba anakisimulia kama hoteli.

#4 Mama Kulwa

Mleta uzi, mama yako umemuuliza? Hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Nimeolewa 1983, tukaanzia Magomeni Mapipa, chumba cha uani. Mwaka ule ndio ule wa msako wa wahujumu uchumi, wafanyabiashara wanatupa sabuni na vitenge usiku wasikamatwe navyo, na sisi sabuni hatuna. Mume wangu ukimuuliza atakwambia chumba kile kilikuwa na baraka. Mimi nakumbuka mwenye nyumba aliyekuwa akihesabu ndoo za maji. Nakumbuka unga wa Yanga, ule wa njano, ugali wake ukipoa haukatiki. Nakumbuka foleni ya sukari nikiwa na tumbo la mapacha, watu wananipisha, halafu sukari inaishia kwa mtu wa mbele yangu.

Lakini nitasema la haki. Yeye ndiye aliyeamka saa kumi usiku kupanga dumu la mafuta ya taa kwenye foleni, kisha akaenda kazini kwa miguu kwa sababu mabasi ya UDA hayaaminiki. Wanangu hao mapacha hawalijui hilo, wanamjua baba mkali wa ada na ripoti za shule.

Na kwa kuwa umetaja baba, ngoja nimtaje wangu mimi. Alikuja kwa treni kutoka Tabora baada ya harusi ili aone binti yake amewekwa wapi. Aliingia, akakaa kwenye kigoda, akaangalia dari, akaangalia dirisha, akaenda mlangoni akautikisa. Ulikuwa unafungwa kwa komeo la mbao. Hakusema neno. Kesho yake akaenda Kariakoo, akarudi na kitasa na bisibisi, akakifunga mwenyewe, akampa mume wangu funguo moja na mimi moja. Jioni akapanda treni. Mume wangu kwanza aliona kama amedharauliwa. Mimi nilielewa kwamba baba ameniaga.

#5 Kurunzi

Mama Kulwa shikamoo. Hilo la kitasa limenigusa, mimi mwenyewe nina binti.

#6 Fundi Lenta

Bandiko #3 ujana umo, lakini si wote. Mimi ni fundi ujenzi, nimewajengea watu Kimara, Goba, Mbezi hadi Kibamba, na baba wa umri wa mzee wa mleta uzi nimekaa nao site miaka mingi. Nitawaambia nilichoona.

Nyumba haijengwi mara moja na mtu wa mshahara. Kwanza kiwanja, halafu msingi unaota nyasi. Halafu tofali zinafyatuliwa kidogo kidogo, nusu zinaibiwa. Ukuta ukifika kwenye lenta pesa inaisha, mvua inapiga mwaka mzima. Kuezeka ndiyo mtihani mkubwa, wengine wanahamia humo bila milango, shuka limening'inizwa. Na miaka ya themanini mwanzoni saruji haikuwa ya kwenda dukani na kubeba, ilikuwa kwa kibali, unazunguka na karatasi ofisi hadi ofisi. Miaka hiyo yote mwanaume hayuko nyumbani. Jumamosi yuko site, Jumapili yuko site, akirudi mnagombana kwa sababu hela ya matumizi imeingia kwenye nondo.

Kwa hiyo ukimwonyesha ile nyumba, yeye anaona mfuko wa saruji, anaona deni la mbao. Chumba cha kupanga ukishalipa kodi unalala na mkeo mnaongea. Ndiyo maana anakikumbuka. Nyumba ilimnyang'anya miaka ya kukaa na mama yenu.

#7 Chumbageni

Fundi, basi na wewe tueleze tofali nusu zinazoibiwa huwa zinakwenda wapi 😂

#8 Fundi Lenta

Muulize mlinzi 😂 Tuendelee na mada.

#9 Reli ya Kati

Kuna kundi limesahaulika, wale ambao chumba chao cha kwanza hakikuwa cha kupanga wala cha kujenga. Kilikuwa cha kazi. Baba yangu aliajiriwa na Reli ya Afrika Mashariki, yeye na mama wakaanzia Muthurwa, Nairobi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Jumuiya ilipovunjika 1977 wakarudi na masanduku, wakapewa kota Tabora, kisha Morogoro. Kila uhamisho nyumba nyingine, na kila nyumba ilikuwa ya shirika: ukipigilia msumari unaandikwa.

Baba alipostaafu alirudisha funguo. Alikuwa ametumikia maisha yake yote na hana mlango wa kwake. Tukamjengea sisi. Kwa hiyo mkuu, mzee wako kupanga kwa hela yake na kupaka chokaa mwenyewe ni jambo kubwa kuliko unavyofikiri. Baba yangu alinyimwa hata hilo la kuchagua rangi ya ukuta.

Kuhusu Urafiki, kwa vijana: kilijengwa kwa msaada wa Wachina na kilianza 1968, kiko Ubungo barabara ya Morogoro. Ndiyo maana Manzese ilijaa wafanyakazi wake, unatembea tu hadi kazini.

#10 Mjukuu wa Kota

Uzi mzuri. Babu na bibi yangu walianzia Magomeni Kota, zile nyumba za Shirika la Nyumba lililoanzishwa na Azimio la Arusha. Vyumba vidogo lakini mpangilio safi, watoto wote wa mtaa mnakula popote. Zilipobomolewa 2016 bibi aliugua kwa huzuni. Nadhani jibu ni majirani. Mzee hakumbuki kuta, anakumbuka watu waliokuwa uani. Kimara kuna ukuta na geti, unaumwa siku mbili hakuna anayejua.

#11 Wakili wa Mtaa

Mjukuu wa Kota, hoja ya majirani naiunga mkono, ila tuweke rekodi sawa. Shirika la Nyumba la Taifa ni la 1962, kabla ya Azimio, ambalo ni la 1967. Unachochanganya labda ni Msajili wa Majumba, aliyekuja 1971 Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha. Huyo akaunganishwa na Shirika 1990.

Na Kota hazikubomolewa 2016. Wakazi walikuwa wameshaondolewa miaka kadhaa nyuma, eneo limebaki wazi. 2016 ni pale Rais Magufuli alipoagiza maghorofa yajengwe kwa ajili yao. Rais Samia aliyazindua Machi 2022, kwa kaya 644.

#12 Mjukuu wa Kota

Sawa mwanasheria, tarehe nimezipokea. Huzuni ya bibi inabaki palepale, na sasa anakaa ghorofani huko huko. Anasema lifti haina jirani.

#13 Kishari Mrefu

Nyie watu wa mjini mnaongelea kodi. Kwetu Uchagani baba ndiye anayekupa mwanzo. Anakata sehemu ya kihamba, lile shamba la ukoo, anakuonyesha mpaka wa masale, mnajenga karibu na migomba. Mimi na mke wangu tulianzia hapo, nyumba ndogo ya mbao hatua chache kutoka kwa wazazi. Usiku nikikohoa, asubuhi mama anauliza nimekunywa dawa.

Wakati ule niliona kero, natamani niende Arusha nikapange. Leo baba hayupo, na ndugu wengine wameshindwa kupata hata robo ya ardhi ile kwa sababu vihamba vimekatwakatwa vimekwisha. Mtoto wa mwisho amebaki na nyumba ya mzee kama desturi. Wangu wa kiume nitampa nini? Hapo ndipo ninapomshukuru baba, na ndipo ninapoogopa.

#14 Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Huku Zanzibar mwanzo wenyewe unakuwa kwa wazee wa mke. Fungate siku saba nyumbani kwa bibi harusi, chumba kimepambwa, kungwi yupo, chakula kinaletwa. Babangu mimi alihama chumba chake mwenyewe akatupa sisi wiki ile, yeye akalala ukumbini kwenye mkeka na wageni. Mtu mzima, ana maumivu ya mgongo. Sikulizingatia, nilikuwa mwari nimefunikwa.

Baadae tukapata nyumba Michenzani, majumba ya maendeleo ya Mzee Karume. Choo ndani, bomba ndani, dirisha la vioo, tulijihisi tumefika Ulaya. Mume wangu akihadithia, hadithi yake huanzia hapo Michenzani. Yangu huanzia chumba cha baba. Kwa hiyo nadhani kila mtu huhesabu kutoka pale alipohisi ametunzwa au ametunza. Mwanamme huanza alipotunza yeye.

#15 Msafiri Peke

Samahani kwa kuharibu hali ya hewa. Naona wote mna baba wa kumsifu. Wangu alimwacha mama kwenye chumba hicho hicho cha kwanza, Tandika, kodi imeisha. Mama ndiye aliyebembeleza mwenye nyumba, akakaanga mihogo barabarani hadi tukasoma. Uzi kama huu nausoma nikiwa nje ya dirisha. Kwangu chumba cha kwanza ni ushahidi wa aliyekimbia.

#16 Mama Kulwa

Msafiri Peke, pole mwanangu. Hujaharibu chochote. Mama yako alikuwa na kazi ya watu wawili, na mihogo ile ndiyo kodi iliyolipwa. Ukianza kwako, wewe utakuwa baba wa kwanza katika hesabu yenu. Umeoa?

#17 Msafiri Peke

Mwakani Mungu akipenda, mama. Nimeshapata chumba na sebule Mbagala.

#18 Mama Kulwa

Nunua kitasa kizuri.

#19 Wakili wa Mtaa

Hili la mihogo lina upande wa sheria ambao wengi hamuujui, na linamhusu mama wa mleta uzi pia. Miaka ya nyuma mahakama zetu zilikuwa zinabishana: mke asiye na mshahara ana sehemu gani kwenye nyumba? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Nasema hivi kwa sababu tunamshukuru baba kwa "kujenga" kana kwamba alijenga akiwa mjane. Nani alipika maharage mafundi wakala? Fundi Lenta ni shahidi.

#20 Fundi Lenta

Nashuhudia. Site nyingi mama ndiye aliyehesabu tofali. Na akisema mchanga haujafika lori zima, ujue haujafika.

#21 Reli ya Kati

Wakili, hakuna anayepinga. Lakini siku zote ukitajwa upande wa baba, mtu anakuja haraka na upande wa mama kama vile shukrani ni mkate, ukimpa huyu kipande mwingine anapungukiwa. Wazee wetu wa kiume wamekaa kimya mno. Mama tunamwimbia tangu chekechea. Jumapili ya tatu ya Juni ikifika, Siku ya Baba, mtu anaweka picha mtandaoni bila hata kumpigia simu mzee. Muache kijana amshukuru baba yake uzi mmoja.

#22 Wakili wa Mtaa

Nimemwacha. Ila nasimama na nilichosema.

#23 Mtoto wa Manzese

Wakuu asanteni, sikutegemea uzi ufike huku. Mama Kulwa nimetii, nimempigia mama. Tumeongea hadi salio likaisha.

Kumbe Manzese haikuwa ya kwanza! Mama anasema alipofika kutoka Kilosa chumba kilikuwa bado hakijapatikana, yule mwenye nyumba alikuwa amekigeuzia mtu mwingine. Wakakaa Mabibo kwa mfanyakazi mwenzake baba, chumba kimoja, pazia la kanga katikati: upande huu mwenyeji na mkewe, upande ule bwana na bibi harusi. Mama alikuwa anaogopa hata kugeuka kitandani. Baba kila akitoka zamu hakuja kulala, alikuwa anazunguka Manzese, Mburahati, Kigogo, mlango kwa mlango, anauliza chumba.

Haya yote mzee hajawahi kuyataja. Katika simulizi zake Mabibo haipo kabisa. Nilimuuliza mama kwa nini, akasema, "Baba yako anahesabu tangu alipopewa funguo."

Na kuhusu kabati, mama anasema mlango haukung'olewa, kabati lilikatwa miguu. Hapo sijui nimuamini nani.

#24 Chumbageni

Kabati likatwe miguu halafu limsimamie nani? Lakini naona mama ana haki hapo, wanaume tunapenda kung'oa milango kwenye hadithi.

Ila kwa hilo la Mabibo narudi nyuma kidogo kwenye ujana. Angekuwa anakumbuka ujana, angeikumbuka na Mabibo. Hapa kuna aibu imefichwa. Chumba cha Manzese kilimtoa kwenye aibu.

#25 Fundi Lenta

Aibu kwa lipi? Kupokewa na rafiki si aibu, wote tumepokewa. Mimi nasema Mabibo haitajwi kwa heshima ya yule mwenyeji. Mambo ya nyuma ya pazia la mtu hayasimuliwi kwa watoto.

#26 Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Fundi umesema kweli. Yule mwenyeji naye alikuwa na mke, na siri zao.

#27 Kaka wa Kibondo

Nachangia kwa ufupi. Wazazi wangu walioana kijijini, baba akajenga nyumba ya miti na udongo. 1974 ikaja Operesheni Vijiji, wakaamriwa kuhamia kijiji kipya, nyumba yao ikabomolewa nao wakiwa wamebeba mizigo. Huko walikopelekwa wakapewa eneo, wakaanza na kibanda cha nyasi, mama ana mtoto mchanga ambaye ni kaka yangu mkubwa.

Baba hakisifu kibanda wala nyumba ya kwanza. Anachosimulia ni mwembe. Aliupanda siku walipofika, kabla ya kusimamisha hata nguzo. Watu walimuona amechanganyikiwa, mke yuko juani na yeye anapanda mti. Alisema nyumba wanaweza kuibomoa tena, lakini mwembe wataogopa kuukata kwa sababu wataukalia. Hiyo nadharia ya funguo kwetu haifanyi kazi, hatukuwa na kitasa.

#28 Kishari Mrefu

Kaka wa Kibondo, mwembe upo?

#29 Kaka wa Kibondo

Upo, na mikutano ya kijiji inafanyika hapo hapo.

#30 Binti Keko

Nimesoma kimya tangu jana, leo nimempigia baba yangu nikamuuliza walianzia wapi. Nilikuwa na uhakika ni Temeke. Amesema ni Keko Machungwa, karibu na mafundi seremala, na kitanda cha kwanza alikilipia kwa awamu kwa fundi wa jirani. Baba yangu si msemaji, simu zetu ni "umekula, salimia watoto." Leo ameongea mpaka mama akamnyang'anya simu ili amsahihishe. Wamebishana rangi ya pazia.

Swali kwa wenyeji: mafundi wale wa samani wa Keko wa miaka ya themanini, kuna ambao bado wapo? Nataka nimpeleke mzee akawaone. Hana mguu mzuri, kwa hiyo nijue gari linafika wapi.

#31 Kurunzi

Binti Keko, samani bado zinatengenezwa kule, watoto wa mafundi wengi wamerithi benchi za baba zao. Gari linafika, ila usiende Jumamosi, malori ya mbao yanaziba njia. Nenda siku ya kazi asubuhi. Anza kwa wazee wanaokaa na randa mkono wala si mashine, hao ndio wa zamani. Taja jina la baba na mtaa, watakupeleka wenyewe.

#32 Mama Kulwa

Na mama mchukue. Hilo pazia lazima lipatiwe ufumbuzi.